Asilimia 100 ya nini?

Mzee alikuwa anaitoa barua yake kichwani, mimi naichapa. "Yah: malalamiko kuhusu kiwanja changu." Vidole vyangu vilishamaliza neno "kiwanja", skrini bado iko kwenye "Yah". Kisha nusu sentensi ikamwagika kwa mkupuo, halafu kimya tena. Alikuwa ameingia na "Mbukwenyi" yake ya uchangamfu, salamu ya Kigogo, lakini sasa ameegemea kaunta, miwani imeshuka puani, anatazama. Akaniuliza kwa upole:

"Kijana wangu, hii mashine yako imekula leo?"

Nilicheka. Nikamwambia ina kazi nyingi, avumilie kidogo.

Ili aniamini, nilifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika top, amri inayoorodhesha programu zinazoitumia prosesa, nikamgeuzia skrini kama daktari anavyomwonyesha mgonjwa picha ya eksirei. Mstari wa prosesa ulisoma 98, ukapanda 99, ukagota 100. "Unaona mzee? Imezidiwa." Akatikisa kichwa kwa huruma, sijui alinihurumia mimi au mashine. Barua ya ukurasa mmoja ilituchukua dakika 40.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, upepo wa Dodoma umeshika kasi, chamchela zinapita mbele ya steshenari hapa Nkuhungu zikizungusha maboksi na majani makavu. Pale mezani palikuwa na dalili moja ambayo yeyote mwenye masikio angeisikia. Mimi sikuisikia. Imenikereketa wiki zote hizi mpaka nimeona niiandike.

Fani ya laptop ilikuwa kimya.

## Neno "nzito"

Kompyuta ikichelewa tunasema ni nzito. Hatusemi imedhoofika, wala imebanwa. Miaka yote niliyokaa nyuma ya kaunta sikumbuki mteja hata mmoja aliyeniletea laptop akasema imeishiwa nguvu. Ni nzito tu, basi.

Na neno hilo lina matibabu ndani yake. Kitu kikiwa kizito kina mzigo, na dawa ya mzigo ni kuutua. Mtu akishakuambia "laptop yangu nzito", kabla hujaigusa umeshaanza kuwaza vya kupunguza: programu zipi zifutwe, mafaili gani yahamishwe, RAM iongezwe ngapi.

Nami nikatafuta mzigo.

Ukitafuta mzigo kwenye Linux, mfumo endeshi ninaoutumia badala ya Windows, hutaukosa. top daima ina mtu wa kwanza kwenye orodha, hata mashine ikiwa nzima kama siku ya kwanza. Ni kama kuuliza nani mrefu darasani. Hata chekechea wana mrefu wao. Ukishaingia na imani kwamba kuna anayeielemea mashine, orodha itakuletea jina, na jina ukishalipata ni vigumu sana kurudi nyuma kuuliza kama swali lenyewe lilikuwa sahihi.

## Watuhumiwa

Kwa nini steshenari yangu inatumia Linux sina haja ya kueleza sana. Virusi vya flashi za wateja, yatosha. Laptop yenyewe ni ya mtumba (si Mtumba ya wizara hapa Dodoma, mtumba wa kawaida), prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita, yenye viini viwili vya kufanyia kazi vinavyojionyesha kama vinne, RAM ya GB 8, diski ya SSD. Kwa kuchapa, kuprinti na kuwajazia watu fomu za mtandaoni, hiyo ni mashine ya kutosha na kubaki.

Mtuhumiwa wa kwanza alijileta mwenyewe. Juu kabisa ya orodha kulikuwa na tracker-miner-fs, ile programu ya GNOME, deskitopu ya Linux yangu, inayopita kwenye mafaili yako ikiyasoma na kuyaorodhesha ili ukitafuta kitu ukipate haraka. Kwenye laptop ya nyumbani hutaigundua. Kwenye laptop inayopokea maelfu ya PDF za watu, ina kazi kwelikweli. Wakati fulani ilisoma asilimia 180, nikashtuka, mpaka nikakumbuka kwamba top ya Linux humhesabia kila mmoja kwa kiini kimoja kimoja, kwa hiyo mashine ya viini vinne vya kuhesabika ina dari ya 400. Nikaizima. Herufi zikaanza kuja mapema kidogo.

Kidogo.

Siku mbili baadaye aliyekuwa juu ni kivinjari. Nikafunga kurasa. Kidogo tena. Kisha aliyekuwa juu ni gnome-shell, yaani deskitopu yenyewe, ambayo kazi yake kubwa ni kuchora madirisha. Hapo ningetakiwa kusimama. Kama kila unayemwondoa nafasi yake inachukuliwa na mwingine, na huyo mwingine naye ni mtu mwema mwenye kazi halali, basi huenda shida haiko kwa watu.

Sikusimama. Niliangalia namba nyingine, na kila moja ilinidanganya kwa kusema kweli. Wastani wa foleni ya kazi, zile namba tatu za dakika 1, 5 na 15, ulikuwa unacheza kwenye 6 na 7. Nikasema huenda ni diski, maana tangu 1993 Linux huwahesabu kwenye foleni hiyo hata wale waliokwama wakiisubiri diski, si wanaogombea prosesa peke yao. Lakini sehemu ya kusubiri diski, ile inayoandikwa wa, ilikuwa sifuri na pointi. RAM ilikuwa na nafasi. Swap, sehemu ya diski inayoisaidia RAM ikijaa, ilikuwa haijaguswa. Diski haikuwa na kosa hata moja.

Mtu mwenye akili timamu angeona kwamba amebakiwa na prosesa. Mimi niliona kwamba kuna mtu anajificha.

## Mgeni

Hapa ndipo ninapoona aibu, kwa hiyo nitaandika polepole.

Mwanzoni mwa Septemba mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kukaa nami akisubiri chuo kifunguliwe. Alikuwa ametoka JKT siku chache tu, amekonda, amekomaa, anaamka saa 11 alfajiri bila kuamshwa. Nilimpa kazi ya kufungua duka asubuhi na kumsaidia mteja wa kwanza. Nilimtengenezea akaunti yake kwenye laptop. Jioni, wateja wakiisha, alikuwa anacheza gemu moja na kupanga picha zake.

Usiku mmoja nilikuwa nasoma habari za programu hasidi zinazochimba sarafu za kidijitali kwa kutumia prosesa za watu. Kuna familia moja maarufu kwenye seva za Linux, ukiikuta imejiandika kdevtmpfsi, jina lililobuniwa lifanane na kdevtmpfs ambalo ni la keneli halisi, yaani moyo wa Linux. Nyingine hujiita kswapd0, jina la mfanyakazi halali wa keneli anayeshughulikia RAM ikijaa. Nikafungua orodha yangu. kswapd0 ilikuwepo! kworker, vibarua wengine wa keneli, zilikuwepo kibao!

Bila shaka zilikuwepo. Zipo kwenye kila Linux duniani. Namna ya kutofautisha ni rahisi: wafanyakazi halisi wa keneli hawana faili la programu nyuma yao, ukiandika ps aux majina yao yanatokea ndani ya mabano ya mraba, na kiungo chao cha exe kule kwenye /proc, folda ya taarifa za keneli, hakiendi popote. Nilijua hivyo. Niliangalia, nikaona mabano ya mraba, na bado nikajiambia kwamba mdudu mjanja anaweza kuigiza hata mabano.

Nilikuwa nimeshapata hadithi. Kompyuta ilikuwa nzuri Agosti. Mtoto amekuja Septemba. Ana gemu.

Nilimwita sebuleni. Sikupiga kelele, na sasa naona afadhali ningepiga, maana kelele huisha. Nilimwambia anipe nywila ya akaunti yake. Akanipa, herufi moja moja, amesimama wima kama yuko mbele ya afande. Nikafungua folda zake mbele yake. Nikamuuliza gemu limetoka wapi, nani alimpa, alibonyeza nini, anajua kwamba hii mashine ndiyo inayotulisha?

"Sijaweka kitu kingine mjomba."

"Sasa nani ameweka?"

Akanyamaza. Kuanzia kesho yake nilifungua duka mwenyewe.

## Kufuta

Jumapili nikaamua kusafisha yote. Nikanakili mafaili ya duka kwenye diski ya nje, nikaandaa flashi ya Linux Mint, aina nyingine ya Linux, yenye Xfce, deskitopu nyepesi (unaona, bado niko kwenye uzito), nikaiwasha laptop kutoka kwenye flashi hiyo.

Ilikuwa inachelewa hata hapo.

Naomba msomaji afikirie maana yake. Ukiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, hakuna gemu, hakuna mdudu, hakuna tracker, hakuna faili la mteja hata moja. Ni mfumo mpya kabisa, haugusi mafaili ya diski yako mpaka uufungulie. Kama na hapo menyu inafunguka kwa kusitasita, basi kila kitu kilichomo kwenye diski kimeachiwa huru na mahakama. Pamoja na mpwa wangu.

Mimi nilisema flashi yenyewe ni ya bei rahisi, lazima ichelewe.

Nikabonyeza kufuta diski nzima. Mint ikakaa. Kwa siku mbili nilitangaza ushindi, kwa sababu Xfce inaomba kidogo kuliko GNOME na tofauti ilionekana. Nikitazama nyuma, hicho ndicho kilichonipoteza kuliko kitu kingine chochote: kila nilichopunguza kilisaidia. Kama kungekuwa hakuna nafuu kabisa, ningebadili njia ndani ya siku moja. Nafuu ndogondogo ilinilipa mshahara wa kuendelea kupotea.

Siku ya tatu herufi zikaanza tena kunifuata kwa nyuma.

## Vumbi

Dodoma, ukimwambia mtu kifaa chako kinasumbua, iwe redio, pikipiki au mapafu, atakuambia vumbi. Na mara nyingi atakuwa sahihi. Mji uko juu, mkavu, kuanzia Mei mpaka Novemba hakuna mvua ya maana, na udongo wetu mwekundu unapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Kwenye laptop vumbi hujibana kati ya fani na zile pezi nyembamba za kupozea, hewa haipiti, prosesa inapata joto, inajipunguza kasi isiungue. Ni ugonjwa wa kweli na nimeutibu kwenye mashine za watu.

Fundi aliifungua mbele yangu. Akatoa bamba la vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi, akaliweka juu ya meza kwa fahari, tukalitazama wote wawili kama mvuvi na samaki wake. Akapuliza, akafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Nililipa kwa furaha. Hatimaye mzigo wenye kushikika!

Haikubadilika kitu.

Nilipofika dukani niliandika sensors kupima joto. Prosesa: nyuzi 44. Asilimia 100 ya kazi, nyuzi 44. Nikasema, safi, fundi amefanya kazi nzuri. Sasa hivi ninapoandika najiuliza niliwezaje kusoma namba hizo mbili kwa wakati mmoja nisione kinyume chake. Umewahi kumkuta mtu anayelima kwa nguvu zake zote saa 7 mchana na hatoki jasho? Fani kimya, mwili baridi, na anaapa kwamba yuko kazini asilimia mia.

## Umeme ulipokatika

Kwa kawaida umeme ukikatika nazima laptop haraka. Betri yake ilikuwa imechoka, au ndivyo nilivyoamini: haikuwa inapanda. Ilikuwa 63, umeme ukakatika mara mbili ikawa 50, baadaye 41, na hata nikiiacha kwenye chaja usiku kucha asubuhi naikuta palepale. Nikasema ni uzee. Mtumba huo.

Siku hiyo ya Oktoba kulikuwa na binti ananichapisha CV. Usaili wake ulikuwa kesho yake asubuhi. Tumefika katikati, taa ikazima, printa ikazima, duka la jirani likanyamazisha muziki wake. Nikasogeza mkono kuzima.

"Kaka samahani, tumalizie tu, nitaprinti mjini."

Nikaendelea kuchapa, nikiwahi betri. Nikafika mwisho wa mstari na mwisho wa mstari ulikuwa unanisubiri.

Nikaandika sentensi nyingine. Herufi zilitoka chini ya vidole vyangu kama zamani, moja kwa moja, bila kupumzika njiani. Nikafungua dirisha jingine, likafunguka. Na gizani mle, bila muziki wa jirani, nikasikia kitu ambacho sikukisikia tangu Agosti.

Fani ilikuwa inavuma.

Binti aliondoka na flashi yake. Nilibaki nimekaa. Laptop huwa zinajibana zikiwa kwenye betri, si kinyume chake. Hii ilikuwa imeachiwa. Umeme uliporudi baada ya nusu saa, niliiona ikifa mbele ya macho yangu: mshale ukaanza kukokota, fani ikashuka, ikanyamaza.

Nikachomoa chaja. Ikafufuka. Nikachomeka. Ikafa.

Nilifanya hivyo labda mara kumi. Mteja aliyekuwa mlangoni atakuwa alidhani nimechanganyikiwa.

## 798

Amri iliyonitoa gizani ni fupi mno: grep MHz /proc/cpuinfo. Inakuonyesha kila kiini kinakwenda kwa kasi gani sasa hivi. Prosesa yangu imetengenezwa iende gigahezi 2.4, na ikihitajika ifike 3. Nikiwa na chaja, ilisoma 798, 798, 798, 798. Megahezi. Nikichomoa, 2,800 na ushee, 2,900 na ushee.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo nimelitazama kwa miaka bila kuliona. Ile asilimia ya top haipimi kazi. Inapima muda. Keneli inaandika tu: katika sekunde hii, kiini kilikuwa na shughuli kwa sehemu gani, na kilikaa bure kwa sehemu gani. Haisemi kilikwenda kwa kasi gani wakati kinashughulika. Anayejaza simtanki kwa kikombe naye yuko bize siku nzima. Ukimpima kwa muda ana asilimia 100, hana hata dakika ya kukaa. Ukimpima kwa maji ni habari nyingine.

Kwa hiyo kazi ya kawaida kabisa, kivinjari na barua ya mzee, kazi ambayo ingechukua robo ya muda wa prosesa iliyo huru, ilijaza muda wote wa prosesa iliyofungwa. Na mimi nilisoma kujaa huko kama uzito wa kazi. Punda alikuwa amefungwa miguu, na mimi kila siku nampunguzia magunia nikishangaa mbona hakimbii.

## Pini ya katikati

Chaja ya zamani iliungua mwanzoni mwa Septemba, umeme uliporudi kwa kishindo. Nilinunua nyingine mjini kwa Sh 25,000. Tundu lilikaa, taa ikawaka, nikalipa. Ununuzi huo ulichukua dakika tano na nikausahau siku hiyohiyo.

Chaja za laptop nyingi za aina yangu zina pini nyembamba katikati ya ncha. Haibebi umeme wa kuendesha mashine, inabeba maneno. Ndani ya chaja kuna kijichipu kinachoiambia laptop: mimi ni wa wati 65, au 90, nitegemee kiasi hiki. Chaja ya bei rahisi inaweza kuwa na umeme wa kutosha lakini isiwe na kijichipu hicho, au kiwepo bubu. Laptop ikiuliza na isijibiwe, haijui inakula kwa nani. Inaogopa kuomba wati 60 kwa chaja ya 40 ikaunguza kitu. Basi inaacha kuchaji betri, na kupitia njia moja ya umeme iitwayo PROCHOT inaiambia prosesa ishuke mpaka chini. Njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya joto, ila ubao mama nao una ruhusa ya kuipiga.

Niliingia BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa mashine inapowaka, kuhakikisha. Kwenye ukurasa wa betri, mstari wa aina ya chaja ulisema haijulikani.

Imekula leo? Mzee wa kiwanja aliuliza swali sahihi kabla yangu kwa wiki tatu.

Kuna njia ya kuilazimisha prosesa isisikilize. Ni biti moja, swichi ndogo, kwenye rejista 0x1FC ndani ya prosesa. Unaizima kwa amri ya wrmsr na mashine inapaa hata na chaja bubu. Niliijaribu alasiri moja nikisubiri chaja halisi iletwe na basi kutoka Dar. Ilipaa kweli. Baada ya saa moja niligusa chaja, nikaondoa mkono haraka, nikairudisha biti mahali pake. Kuna watu wanaishi hivyo miezi na miezi, siwalaumu, lakini mashine ilikuwa na hoja na mimi sikuwa na hoja.

## Bonyeza liondoke

Bado swali moja. Laptop ya aina hii ikikutana na chaja isiyoijua hupiga kelele inapowaka: huandika kwenye skrini kwamba haitambui chaja, na husubiri ubonyeze kitufe. Mimi sikuwahi kuona maandishi hayo. Nilipochimba BIOS nikakuta onyo la chaja limezimwa. Linazimwa kwa kubonyeza F3 palepale linapotokea, na mimi sijawahi kulibonyeza.

Jioni nilimuuliza mpwa wangu, safari hii nimekaa naye kwenye mkeka, chai ipo.

"Ile asubuhi ya kwanza tuliyotumia chaja mpya, kompyuta iliandika kitu?"

"Iliandika mjomba. Nilikuita."

"Nikasemaje?"

Akasita. Mtoto aliyelelewa vizuri hapendi kumkumbusha mkubwa maneno yake.

"Ulikuwa na mteja wa kulamineti. Ulisema bonyeza lolote hilo liondoke. Nikaona kuna kimoja cha kuliondoa moja kwa moja." Akanywa chai. "Niliisoma yote. Ilisema chaja haijulikani na mashine itakwenda polepole. Nikadhani unajua."

Wiki zile vitu vitatu vilibadilika nyumbani kwangu: mtoto alikuja, nilisasisha mfumo, na nilinunua chaja. Cha mtoto nilikikumbuka kwa tarehe. Cha mfumo nilikikumbuka. Nilichokifanya kwa mkono na pesa yangu hakikuingia hata kwenye orodha.

Na picha. Nilipofuta diski nilinakili mafaili ya duka tu. Folda yake ilikuwa na picha za siku ya kumaliza JKT, alizozihamishia kwangu kwa sababu simu yake ilijaa, kisha akazifuta kwenye simu. Nilijaribu kuzirudisha kwa siku mbili. Diski za SSD zikishaambiwa nafasi fulani haina kitu tena, huisafisha kimyakimya zenyewe, na Mint ilikuwa imeshajenga juu yake. Hakuna kilichobaki.

Nilimwomba radhi. Si kwa maneno marefu; kwetu mjomba hamwombi mpwa radhi kila siku na wote wawili hatukujua pa kuweka macho. Akasema, "Haina shida mjomba, labda mwenzangu anazo." Ilikuwa na shida.

## Wiki iliyopita

Chaja ilifika. Nilirudisha onyo kwenye BIOS, nikamwachia yeye achomeke na kuwasha. Tulisubiri maandishi. Hayakuja. Betri ikasoma 38, baadaye kidogo 39, nikaitazama ikipanda kama mtu anayetazama mtoto akitembea.

Mwenzake wa JKT alikuwa na picha moja. Imepita WhatsApp mara kadhaa, imechakaa, na waliosimama mstarini wote wamenyolewa kipara kile kile. Aliniambia yeye ni wa tatu kutoka kushoto na nimeamua kumwamini. Nimemfungulia akaunti upya, folda ina picha hiyo moja. Kabla hajaondoka kwenda chuo nilimwekea kiti mbele ya laptop, mashine ikamwomba nywila mpya.

Alianza kuandika. Nikageukia rafu za karatasi mpaka alipomaliza.